Tuwajue Wanaozitibu Akili za Wana Wetu

Katika miji yetu mikubwa, na sasa hata katika makao makuu ya kaunti nyingi, zimezuka kliniki zinazotangaza kwamba zinatibu maradhi ya akili na kuwasaidia watoto wasioweza kutulia wala kuyaelekeza mawazo yao kwenye jambo moja. Hilo ni jambo la heri. Kwa miaka mingi mzazi aliyejaliwa mtoto wa namna hiyo hakuwa na njia ila mbili: fimbo ya mwalimu au ramli ya mpiga bao. Leo walau upo mlango wa tatu. Hata hivyo, kuna swali moja ambalo wazazi, na hata sisi walimu, hatuliulizi tufikapo mlangoni hapo. Hao walioketi ndani, ambao tunawakabidhi akili za wana wetu, wamesomea nini, na ni nani aliyewapa idhini ya kutibu?

Aghalabu swali hili huonekana kuwa utovu wa adabu. Aliyevaa koti jeupe haulizwi vyeti. Nami nasema kwamba kuuliza ni haki, tena ni wajibu. Na kwamba mojawapo ya sababu zinazotufanya tunyamaze imo katika lugha yenyewe tunayoitumia. Kwa kuwa kazi yangu ni isimu, naomba ruhusa ya msomaji nianzie hapo.

Kiswahili kina maneno matatu makuu ya kumwita mtu atibuye. La kwanza ni mganga, neno la Kibantu lenye kitenzi chake kuganga, yaani kuponya. La pili ni tabibu, tulilolipokea kutoka Kiarabu. La tatu ni daktari, ambalo asili yake ya mbali ni Kilatini, na huko lilikuwa na maana ya mwalimu. Maneno haya hayakutulia mahali pamoja. Nchini Tanzania, Mganga Mkuu wa Mkoa ni daktari wa serikali aliyesomea udaktari chuoni. Hapa Kenya ukimwita daktari huyo mganga, huenda akadhani umemsingizia hirizi na tunguri. Neno daktari nalo limepanuka hadi likapoteza mipaka yake. Apasuaye matumbo ni daktari. Ang'oaye meno ni daktari. Afisa wa kliniki ni daktari. Muuguzi wa zahanati ni daktari. Mwenye duka la dawa ni daktari. Na mhadhiri aliyeandika tasnifu juu ya mashairi naye ni daktari.

Mimi mwenyewe ni mmoja wa madaktari hao wa mwisho. Shahada yangu ya uzamifu ni ya isimu. Nina ujuzi kiasi juu ya vitenzi na viambishi vyake. Jirani yangu mmoja, aliyekuwa akisikia watu wakiniita Daktari, alinijia jioni moja akiwa na mwanawe wa kiume pamoja na barua kutoka shuleni iliyoeleza kwamba mtoto hatulii, hamalizi kazi zake, na huwasumbua wenziwe. "Daktari," akaniambia, "hebu nitazamie kichwa cha huyu kijana, kisha uniandikie dawa." Nilimweleza kwamba udaktari wangu ni wa maneno tu. Alicheka, lakini hakuridhika, alidhani namnyima. Nikawaza: Kama ningekuwa mtu wa tamaa, ni kitu gani kingenizuia kukodi chumba mjini, nikatundika ubao wenye jina langu likitanguliwa na "Dkt.", na chini yake nikaandika kwamba natibu akili za watoto? Sheria ingenizuia, iwapo ningefumaniwa. Lugha isingenizuia hata kidogo.

Basi ni nani hasa tunaopaswa kuwakuta katika kliniki ya namna hii? Wa kwanza ni daktari wa magonjwa ya akili. Huyu amesomea utabibu wa mwili mzima kwa miaka 6, akahudumu hospitalini kwa mwaka mmoja chini ya uangalizi, kisha akarudi chuoni kutafuta shahada ya uzamili ya saikiatria. Amejifunza ini na figo kabla ya kujifunza huzuni. Ana idhini ya kuandika dawa, na msajili wake ni Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno.

Wa pili ni mwanasaikolojia wa tiba. Wengi huwachanganya wawili hawa, na si ajabu, kwani majina ya taaluma zao yanaanza kwa neno moja la Kigiriki lenye maana ya nafsi. Tofauti imo mwishoni: saikiatria ni uganga wa nafsi, saikolojia ni elimu ya nafsi. Mwanasaikolojia wa tiba ana shahada ya uzamili au zaidi katika fani hiyo. Hupima akili, kumbukumbu na umakini kwa mitihani maalumu, na hutibu kwa mazungumzo na mazoezi ya kurekebisha mwenendo. Haandiki dawa. Akikuandikia, fahamu kwamba amevuka mpaka.

Wa tatu ni mshauri nasaha. Hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa kuliko pote, maadamu jina hilo moja hubebwa na mwenye shahada ya uzamili na pia aliyehudhuria kozi ya miezi michache. Bunge lilitunga Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia mwaka 2014 kwa ajili ya kuwasajili na kuwasimamia watu wa fani hizi mbili. Kwa hiyo mshauri anayetoza watu ada bila kusajiliwa hawezi kujitetea kwamba sheria haipo.

Kisha wapo afisa wa kliniki na muuguzi waliosomea stashahada zao za kawaida na baadaye wakajiongezea mafunzo ya afya ya akili. Hawa ndio wanaoubeba mzigo mkubwa katika hospitali za kaunti, na wana mabaraza yao yanayowapa leseni. Yupo pia mtaalamu anayemfunza mtoto kuzimudu shughuli za kila siku, kama vile kuvaa, kushika kalamu na kupanga vitu vyake. Mwisho yupo mtaalamu wa tiba ya matamshi na lugha, ambaye kitaaluma ni binamu yangu, na ambaye bado ni adimu mno nchini.

Wote hawa wanahitajika. Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini vidole si sawa, na mgonjwa ana haki ya kujua ni kidole kipi kilichomgusa.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya makaratasi tu, na kwamba moyo wa huruma hutosha. Historia ya nchi yetu inatufunza vingine. Hospitali ya Mathari, jijini Nairobi, ilianza mwaka 1910 ikiwa hifadhi ya wendawazimu. Mwaka 1938 ilikabidhiwa J. C. Carothers, daktari wa serikali ya kikoloni ambaye wakati huo hakuwa na mafunzo maalumu ya magonjwa ya akili. Aliiongoza hadi mwaka 1950. Kutokana na mambo aliyoyaona ndani ya kuta zile, akatoa hukumu juu ya Waafrika wa bara zima. Shirika la Afya Duniani lilikichapisha kitabu chake mwaka 1953. Humo alidai kwamba Mwafrika huitumia kidogo tu sehemu ya mbele ya ubongo wake, akamfananisha na Mzungu ambaye sehemu hiyo imekatwa kwa upasuaji. Mwaka uliofuata, serikali ya kikoloni ilichapisha maandishi yake juu ya saikolojia ya Mau Mau. Madai ya watu walionyang'anywa ardhi yakageuzwa kuwa kasoro ya akili zao.

Wataalamu waliokuja baadaye, akiwemo Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria, walizikosoa nadharia za aina hiyo vikali. Sisemi kwamba cheti kingemponya Carothers na ubaguzi wa zama zake. Wapo waliosoma sana wakabaki na ubaguzi wao. Nasema kwamba neno lake lilipokewa ulimwenguni kwa sababu ya cheo chake, na waliolipokea hawakuuliza alikuwa amejifunzia wapi kazi ile, na kwa wagonjwa gani. Gharama ya kutouliza ililipwa na watu wasiokuwa na uwezo wa kujibu.

Fauka ya hayo, taaluma ya mtu ndiyo miwani yake. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Chukua mfano wa tatizo hili la watoto wasiotulia. Mwaka 1902 daktari wa watoto George Still, akihutubia madaktari wenziwe mjini London, alieleza habari za watoto wa aina hiyo, na alichokiona ni upungufu katika uwezo wa kujitawala kimaadili. Mwaka 1937 huko Marekani, Charles Bradley, aliyekuwa akisimamia hospitali ya watoto wenye matatizo ya mwenendo, aliwapa baadhi yao dawa ya kuchangamsha mwili akitaraji kuwapunguzia maumivu ya kichwa. Maumivu hayakupungua sana, lakini walimu waliokuwa wakiwafundisha hapo hospitalini waligundua kwamba baadhi ya watoto walianza kutulia na kufanya kazi vizuri. Watoto wenyewe wakaviita vidonge vile vidonge vya hesabu. Naye mwanasaikolojia Virginia Douglas, wa Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada, alionyesha mwaka 1972 kwamba kiini cha tatizo si miguu isiyotulia tu, bali ni umakini usiodumu na papara isiyozuilika. Mwaka 1980 madaktari wa akili wa Marekani walilibadilisha jina la tatizo katika mwongozo wao, wakalitaja kwa upungufu wa umakini. Mmoja aliona maadili, wa pili aliona dawa, wa tatu aliona umakini. Mtoto alikuwa yule yule.

Kiswahili nacho kina miwani yake. Twasema mtoto ni mtukutu. Neno hilo ni ndugu wa kitenzi kutukuta, yaani kwenda huku na huku bila ya kutulia. Basi kwa asili lilikuwa maelezo ya mwili. Sisi tumelifanya hukumu ya tabia, na baada ya hukumu hufuata adhabu.

Kwa sababu hizi, kliniki nzuri ni ile ambayo watu wa taaluma mbalimbali hukaa pamoja kumzungumzia mtoto mmoja kabla ya kumpa jina la ugonjwa. Mtoto anayekodoa macho kwa sekunde chache darasani, kisha akarejea kana kwamba hapakuwa na kitu, huenda ana aina ya kifafa isiyomwangusha mtu. Anayeonekana hasikii huenda hasikii kweli, kwa kuwa masikio yake yana usaha tangu utotoni. Utafiti uliofanywa Kilifi umeonyesha kwamba baadhi ya watoto wanaonusurika malaria kali iliyoingia ubongoni hubaki na matatizo ya kifafa, lugha na umakini. Sumu ya madini ya risasi, kama ile iliyowadhuru wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru mjini Mombasa, huathiri ubongo wa mtoto na kumpunguzia uwezo wa kujifunza. Mshauri nasaha, hata awe na hekima ya Lukumani, hatayaona haya kwa mazungumzo. Kwa upande mwingine, mtoto aliyefiwa na mama, au ambaye usiku halali kwa sababu ya ugomvi nyumbani, hataponywa na daktari anayemwandikia kidonge kwa dakika tano na kumwita anayefuata.

Na ipo sababu moja ambayo wote hao wanaweza kuipita wasiione, nayo ni lugha. Mtoto aliyelelewa kwa Kigiriama au Kipokoti, akaingizwa katika darasa linaloendeshwa kwa Kiingereza, atatazama dirishani. Wewe ungefanya nini ukikalishwa saa sita kila siku mbele ya mtu anayesema usiyoyaelewa? Mitihani mingi ya kupima umakini na akili ilitungwa na kusanifishwa ughaibuni, kwa watoto wanaozungumza Kiingereza nyumbani. Mpimaji anayemuuliza mtoto wa Kenya maswali hayo kwa lugha asiyoimudu, kisha akaandika kwamba mtoto hana umakini, amepima lugha na kuiita akili. Kwa hiyo katika kuuliza usomi wa mtaalamu, tuulize pia: Anajua lugha ya mtoto huyu? Na kama haijui, nani anamfasiria?

Sasa nawageukia walimu wenzangu. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliotolewa mwaka 2013 hauruhusu mtoto apewe jina la tatizo hili kwa sababu ya kero ya siku mbili. Dalili ziwe zimedumu kwa miezi 6 au zaidi. Baadhi yake ziwe zilionekana kabla ya umri wa miaka 12. Na zijitokeze katika mazingira yasiyopungua mawili, kwa mfano nyumbani na shuleni. Maana yake ni kwamba mtaalamu hawezi kuikamilisha kazi yake bila ya mwalimu. Tangu mwanasaikolojia Keith Conners alipochapisha fomu yake ya walimu mwaka 1969, ushahidi wa darasani umekuwa sehemu ya kazi hii duniani kote. Kliniki inayotoa jina la ugonjwa na dawa bila ya kuuliza shuleni hata swali moja, imeruka hatua. Nayo dawa inayotumika zaidi kwa tatizo hili, methilifenideti, imo miongoni mwa zile zinazodhibitiwa na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971. Si dawa ya kununuliwa kwa ushauri wa jirani.

Lakini shahidi asijifanye hakimu. Mwalimu aandike alichokiona: mtoto aliinuka mara ngapi, kazi ipi ilimshinda, saa ngapi za siku, katika somo gani. Asiandike kwamba mtoto ni mgonjwa, wala kwamba ni mjinga. Vituo vya kuwatathmini watoto vilivyoanzishwa nchini tangu mwaka 1984 chini ya Wizara ya Elimu vipo kwa ajili ya kupokea taarifa kama hizo, na walimu wengi hawajawahi kuvikanyaga. Na fimbo? Serikali iliipiga marufuku shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikalikariri katazo hilo. Kumchapa mtoto kwa sababu hawezi kutulia ni sawa na kumchapa kipofu kwa sababu ameukanyaga mguu wako.

Najua jibu nitakalopewa. Nitaambiwa kwamba nchi hii haina anasa ya kuchagua. Ni kweli kwamba wataalamu ni haba. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6, na madaktari wetu wa magonjwa ya akili hawafikii hata mmoja kwa kila watu laki moja. Wengi wao wako Nairobi. Jopo la taifa kuhusu afya ya akili, lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga, lilipendekeza mwaka 2020 kwamba hali hii itangazwe kuwa janga la kitaifa. Mzazi wa Lodwar au Garsen akimpata muuguzi mmoja aliyesomea afya ya akili, na ashukuru. Sisemi amkimbie. Nasema aambiwe waziwazi kwamba huyu ni muuguzi, ujuzi wake unafika hapa, na likizidi hapa atampeleka mtoto kwa fulani. Uhaba ni sababu ya kutumia tulio nao. Hauwi sababu ya kuwapa majina wasiyostahili. Mahali penye uhaba wa maji ndipo penye haja kubwa zaidi ya kujua kisima kipi kina chumvi.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila kliniki ibandike mlangoni, kwa Kiswahili kinachoeleweka, jina la kila mhudumu, taaluma yake, shahada yake na fani ya shahada hiyo, na baraza lililompa leseni. Neno "Dkt." lisimame peke yake tu kwa aliyesomea utabibu, sisi wengine tutaje fani zetu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi wa huduma haki ya kupata habari anazozihitaji ili afaidike na huduma hiyo, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu, inapowezekana, ampe mgonjwa maelezo kwa lugha anayoielewa. Hatuombi hisani, basi. Tunadai haki iliyokwisha kuandikwa.

Pili, wanaisimu na wataalamu wa afya tukae pamoja tusanifishe majina ya taaluma hizi, kisha tuyatumie vyuoni, magazetini na redioni hadi yazoeleke. Lugha ambayo kwa Katiba ni ya taifa na pia rasmi haifai kuwa na kapu moja la kuwatia humo watu wa kazi saba. Tatu, vyuo vya ualimu vimfundishe mwalimu mwanafunzi nani ni nani katika tiba ya akili, ili barua anayomwandikia mzazi ielekeze mlango unaofaa.

Nanyi wanafunzi mnaofikiria kuzisomea taaluma hizi, jueni kwamba nchi inawangoja. Mkihitimu, msione haya kusema mlichosomea na msichosomea. Mtaalamu anayejua mpaka wake haheshimiwi kidogo kwa sababu hiyo. Jirani yangu hatimaye alimpeleka mwanawe katika hospitali ya umma, ambako muuguzi alimtuma kwanza kupimwa masikio. Hakukuwa na mtu yeyote pale aliyeitwa Daktari, na bado mtoto alipata alichokihitaji kwanza, yaani mtu anayejua kazi yake na anayejua kazi ya mwenzake inaanzia wapi.